Majina Arobaini na Manne ya Selpha Nafuna

Saa moja na dakika tano asubuhi, mwaka 1996, Selpha Nafuna alifika kiwandani Thika kwa miguu kutoka Kiandutu, akasimama mbele ya maikrofoni katikati ya mashine za kufuma, akataja jina lake mara kumi. Msimu huo jina lake lilikuwa Bridget. Kila miezi mitatu karani Erastus aliwafuta vibarua na kuwaandika upya kwa majina mengine, maana kibarua mgeni hadai kuajiriwa kwa kudumu. Cha kuazima hakisitiri maungo, lakini Selpha alikuwa amevaa majina ya kuazima tangu 1985.

Maikrofoni ilikuwa ya Samir, mhandisi wa chuo kikuu. Aliifundisha kompyuta yake kumtambua kila mfanyakazi kwa sauti, hata katika kelele za kupasua masikio. Mfumo huo aliuita mtandao wa neva, maana ulijifunza kwa mifano kama ubongo. Ili ujifunze kelele ni nini, aliurekodia kelele tupu. Mtandao ukajibu kwamba hazikuwa tupu: ndani yake mlikuwa na wanawake arobaini na watatu, wote wenye sauti ya Selpha, mmoja kwa kila jina alilofutiwa.

Saa nne wanawake hao wakatoka kwenye kelele, wakanawa mikono, wakapanga foleni ya chai. Aliyetangulia, wa 1985, alivaa gauni la maua aliloshonewa na mamake Bungoma. Selpha alikuwa amelisahau gauni hilo. Alimkatia nusu ya mkate wake, na akamwonea huruma na wivu kwa pamoja.

"Bado unaimba ukifuma?" msichana aliuliza.

"Siku hizi ni kukohoa tu."

Hata hivyo waliimba, wote, mpaka chai ikaisha.

Samir alimpelekea Erastus karatasi: mtu mmoja, miaka kumi na moja, bila kukatika. Selpha alisimama kando. Karatasi hiyo ndiyo kazi ya kudumu aliyoingoja ujana wake wote.

Erastus aliisoma hadi mwisho.

"Mashine yako iko sawa, injinia," alisema. "Lakini hawa wamama wote si wako hapa? Hata wewe unawaona. Sasa nitaandikaje ni mmoja?"

Samir aliikunja karatasi yake, akaitia mfukoni.

Ijumaa miezi mitatu iliisha, Selpha akafutwa tena, na Bridget akabaki ndani na wenzake. Jumatatu Selpha alipanga foleni langoni.

"Jina?" Erastus aliuliza bila kuinua kichwa.

"Aketch."

"Umewahi kufanya kazi hapa?"

Kutoka ndani, katikati ya mashine, aliwasikia arobaini na wanne wakiimba.

"Sijawahi, mkubwa," alisema. "Mimi ni mgeni."