Kisu cha Mashoto

Marcelino, mchuuzi wa vitu vya kale, alimwaga gunia lake juu ya meza ya barazani, vyuma vikagongana, Dorika akaacha kupuliza vidole. Ilikuwa saa nne ya asubuhi na ukungu wa Njombe bado ulikuwa umelalia bustani ya viazi.

"Dada Dorika, leo ni mali za mtwa tupu, za chifu mwenyewe!"

"Mtwa yupi tena? Mwezi uliopita uliniletea kigoda chake. Juzi kata yake ya kunywea. Mzee wa watu ulimwachia nini, ngozi?"

"Watwa walikuwa na vitu vingi, dada."

"Na wewe una maneno mengi. Kaa, unywe chai, halafu unieleze kweli."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Dorika. Mwenye nyumba ile, mzungu mzee aliyewahi kupima barabara za wilaya, alikuwa akikusanya vitu vya zamani: majembe yaliyofuliwa na Wakinga, pinde, shanga, vigoda, hata njuga zilizokatika. Watu walimwita Bwana Kale, naye akawa anaitika. Kiswahili chake hakikufika mbali mbele ya wazee, ndiyo maana akamwajiri Dorika, mwanamke wa darasa la nne mwenye mwandiko uliotulia. Kila kitu kiliandikiwa kadi: nani alikitengeneza, nani alikitumia, kilitoka mkono gani kikaenda mkono gani. Bwana Kale aliuita huo ukoo wa kitu. Kitu kisicho na ukoo hakikuingia kabatini, hata kingekuwa kizuri namna gani. Katika miaka miwili Dorika alijua kwamba ukimwuliza mtu mara moja anakupa uongo, ukimwuliza tena anakupa uongo mdogo zaidi, lakini ukinyamaza tu ukamtazama, kweli inamtoka yenyewe.

Akaanza kutenganisha vyuma. Kengele ya mbuzi. Kishoka kisicho na mpini. Halafu kisu.

Kilikuwa kisu cha kugemea ulanzi, pombe ya mianzi, kifupi, chembamba, kimeliwa na kunolewa. Wagema hunoa upande mmoja tu, ili kisu kiteleze kwenye ncha ya mwanzi na kutoa ganda jembamba kama karatasi. Hiki kilikuwa kimenolewa upande usio wake. Aliyekitumia alikuwa mashoto. Dorika akakigeuza. Mpini ulikuwa umepasuka, ukafungwa waya wa shaba, mizunguko saba, na ncha ya waya ilikuwa imebanwa kwa meno.

Meno hayo yalikuwa yake.

Waya ule aliufunga mwenyewe miaka saba nyuma, siku mume wake Yoramu, mgema mashoto, alipopanda nacho lori la manamba kwenda kukata mkonge Tanga. Yoramu alisema miaka miwili. Tangu hapo hakuna aliyejua kama yu hai au amekufa, na kule kutojua ndiko kulikokuwa maisha ya Dorika. Mjane hakuwa, mke hakuwa. Aliishi na mama mkwe wake, Esteria, na mianzi ya Yoramu nyuma ya nyumba ilisimama bila kugemwa na mtu, kwa sababu mama alikataa.

"Hiki," alisema. "Hiki umekipata wapi?"

"Hicho? Hicho kilikuwa cha mgema wa mtwa mwenyewe, yule..."

Dorika akamtazama tu.

Marcelino akaweka kikombe chini. "Basi. Nimekipata kwa mwanamke mmoja wa Lyamkena, pale Makambako. Anaitwa Eufrasia. Mumewe alikuwa mgema, kafa kwa kifua, sasa ni mwezi wa pili. Walikaa pamoja kama miaka mitatu hivi."

"Na kwa nini auze kisu cha marehemu? Kisu si kinarithiwa?"

"Kirithiwe na nani? Siku ya kumaliza matanga walikiweka kwenye ungo, wakangoja ndugu yake aje akichukue. Ndugu hakuna. Yule bwana aliwaambia tangu zamani: mama yangu kafa, mke wangu wa kwanza kafa, kwetu hamna mtu. Ungo ukabaki palepale. Mwanamke akaogopa kukaa na chuma kisicho na mwenyewe, akanipa mimi." Akamwangalia vizuri. "Dada, mbona hivyo? Unaumwa?"

"Baridi."

Bwana Kale alitoka ndani na miwani mkononi. Alipopitisha kidole kwenye makali akacheka peke yake. "Cha mashoto! Miaka yote hii sijapata cha mashoto. Andika, Dorika, andika."

"Ukoo wake haujafika mwisho, Bwana. Nipe siku nne niende nacho nikaulize."

Alifikiri. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa vitu tu. "Siku nne. Lakini kisu kirudi."

"Kitarudi," alisema Dorika, na wakati ule alikuwa anasema kweli.

Njia nzima ya kurudi nyumbani alipanga maneno. Atasema Tanga. Atasema homa, siku nyingi zimepita, alizikwa vizuri na watu wa kanisa. Mama atalia, halafu atapumzika. Lakini alipoingia jikoni akamkuta Mama Esteria anachambua maharage kwa vidole, maana macho yake yalikuwa na utando, maneno yote yakamkimbia. Akakiweka kisu mapajani mwa mama.

Kidole gumba cha mama kikapita kwenye makali, kikasimama, kikarudi nyuma.

"Mashoto," alisema. Halafu kwa haraka: "Amekuja?"

"Hapana, mama."

"Amekufa."

"Ndiyo, mama."

Kijiti kilipasuka motoni. Mama hakugeuka. "Kimetoka wapi hiki?"

"Kuna mfanyabiashara mmoja, anazungukazunguka huko..."

"Dorika. Kutwa unawauliza watu kitu kimetoka wapi, na unawakatalia uongo wao. Leo nakuuliza mimi."

Basi akasema. Alisema Lyamkena, alisema miaka mitatu, alisema Eufrasia na kifua na ungo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia juu ya maharage.

"Lyamkena," alisema. "Ni lori moja tu. Kwa nini hawakutuita kuzika?"

Dorika akanyamaza. Na mama naye akanyamaza, akamwelekezea yale macho yasiyoona, na Dorika akajua jinsi watu wanavyojisikia wakikaa mbele ya meza yake.

"Alimwambia yule mwanamke kwamba umekufa."

"Mimi?"

"Na mimi."

"Tulikufa kwa nini?"

"Sikuuliza, mama."

"Ungeuliza. Si ndiyo kazi yako?"

Habari hazikai ndani ya nyumba. Jua halijafika kichwani kesho yake, jirani yao Ida alikuja na wanawake wanne, kuni vichwani, kanga zimefungwa viunoni, tayari kwa kilio. Mama Esteria akasimama mlangoni, ameshika mwimo.

"Rudini, mama zangu. Hapa hakuna msiba."

"Mama Yoramu, tumesikia kwamba kijana..."

"Mmesikia vizuri. Lakini mwenyewe alisema mimi ni maiti. Sasa maiti inamliliaje mtu?"

"Usiseme hivyo, dada yangu, ni kujilaani."

"Nimelaaniwa tayari, Ida. Mtu hamziki mama yake hivihivi tu akiwa hai. Nilimkosea nini? Nikishajua nilichomkosea, nitalia. Kabla ya hapo, hapana."

Wanawake waliondoka na kuni zao. Hakuna aliyewahi kuona kuni za msiba zikirudishwa, na mmoja wao alizitupa njiani akiogopa kuzipeleka jikoni kwake.

Siku ya tatu lori la mbao liliwabeba mpaka Makambako. Mama aliketi mbele na dereva, Dorika juu ya mbao, upepo unamkata masikio. Hakufikiri habari ya Yoramu kuoa. Hiyo alishaizoea moyoni miaka mingi, wanaume wengi wa mkonge walioa huko. Alifikiri swali la mama. Mwaka baada ya mwaka alikuwa amemkorogea yule mzee uji, amemsikia akikataza watu wasiguse mianzi, na sasa alijua kwamba jibu likiwa baya, mama hatadumu mpaka masika.

Nyumba ya Eufrasia haikuwa ngumu kupata. Mbeta zilikuwa bado zimening'inia ukutani, vile vibuyu vya mwanzi vya kukingia ulanzi, vikavu, buibui ndani. Mwenyewe alitoka, mwanamke wa miaka kama thelathini, kichwa kilichonyolewa kinaanza kuota nywele.

"Kamwene, mama. Karibuni. Mmetoka wapi?"

"Njombe," alisema Mama Esteria. Akafungua kaniki, akatoa kisu. "Tumekuja kwa ajili ya mwenye hiki. Tumeambiwa hakuwa na mama."

Eufrasia alikiona kisu, akarudi hatua nyuma. "Mama yake alikufa."

"Ndiyo," alisema Mama Esteria. "Nimekuja hivyohivyo."

Eufrasia akamtazama kidevu, akamtazama paji la uso. Akaketi chini palepale kwenye kizingiti. "Lakini barua ipo," alisema. "Mama, nakuapia, barua ipo."

Akaingia ndani akatoka na mkebe wa tumbaku, na ndani ya mkebe kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Hakujua kusoma, mnajua. Alisomewa huko kambini. Anasema aliposikia alianguka, wakammwagia maji. Mkataba ulipoisha akaanza safari ya kurudi kwao, akafika hapa Makambako, akashindwa kupanda lori la Njombe. Alikuwa anasema, nishuke kwa nani? Nikaonyeshwe makaburi ambayo sikuchimba? Akimwona mtu wa upande wenu sokoni anajificha nyuma ya makundi ya watu. Haya ilimla, mama, kuliko hicho kifua. Na kila mwaka, mwezi uleule, hagemi siku tatu. Anakaa chini, anamlilia mama yake."

"Soma," Mama Esteria alimwambia Dorika.

Dorika akaikunjua. Hakuhitaji kusoma. Mwandiko ulikuwa wake.

Ulikuwa mwaka wa njaa. Barua ya jambo kubwa haikutumwa kwa jina la mwanamke, kwa hiyo ilikwenda kwa jina la Abrahamu, baba mdogo wa Yoramu, aliyekufa kabla njaa haijaisha. Lakini maneno alisema mama, amelala kwenye mkeka, kwa Kibena, na Dorika ndiye aliyeyageuza kuwa Kiswahili cha shule. Alikumbuka hata alipokuwa ameketi.

Mama hakuona. Dorika angeweza kusoma neno jingine lolote, akasema msomaji wa kambini alikuwa mlevi. Eufrasia naye hakujua kusoma. Karatasi ilikuwa mkononi mwake peke yake.

Akasoma kama ilivyoandikwa.

"Kwa Yoramu. Mimi baba yako mdogo Abrahamu nakusalimu. Nakuarifu kwamba huku njaa ni kubwa. Mama yako amekwisha. Mke wako naye amekwisha. Njoo upesi."

Mama alikuwa amesema kwa Kibena kwamba mwili umeondoka, imebaki mifupa. Dorika alitafuta neno, akachukua lile la jikoni kwao, jinsi wanavyosema mtu amekwisha, yaani amekonda, hana nguvu. Huko mkonge msomaji alikuwa mtu wa mbali, labda wa pwani, aliyekijua Kiswahili kuliko wao. Kwake mtu aliyekwisha, amekwisha: amekufa.

"Amekwisha," mama alirudia taratibu, kama anayeonja chumvi. "Ndilo neno nililokupa?"

"Wewe ulisema kwa Kibena, mama. Neno nililitafuta mimi."

Mama akatikisa kichwa, akakitikisa tena. Halafu akamgeukia Eufrasia. "Siku tatu, umesema?"

"Siku tatu, mama. Kila mwaka."

"Nipeleke."

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, kando ya mianzi, udongo haujakaa bado. Mama Esteria akapiga magoti, akaupapasa kutoka juu mpaka chini, kama anapima urefu wake. Alipofika mahali pa mkono wa kushoto akachomeka kisu, akakisukuma kwa kiganja mpaka mpini ukazama wote. Kisha akainua kichwa akalia. Kilikuwa kilio cha siku tatu na cha miaka saba, na watu wa Lyamkena wakatoka majumbani mwao bila kuitwa. Eufrasia akamshika mabega, wakalia pamoja, wanayumba pamoja.

Dorika alisimama na karatasi. Kadi ya Bwana Kale ingebaki tupu, na kazi labda ingekwisha. Hayo yalipita kichwani kama habari za mtu mwingine. Alitamani kuichanachana ile karatasi vipande vidogo visivyosomeka.

Eufrasia akageuka, uso umelowa, akanyoosha mkono. "Nirudishie, dada. Sina kingine chenye jina lake."

Dorika akaikunja kwa kufuata mikunjo ya Yoramu, ambayo ilikuwa imelainika kama kitambaa, akampa.

Wanawake wa jirani walikuwa wamezunguka kaburi sasa, na mmoja akaanza kuuliza yule aliyesimama pembeni ni nani wa marehemu. Mama Esteria hakugeuza kichwa wala hakumwita. Dorika aliketi chini, hatua tatu kutoka kwao, miguu ameikunja, akangoja aitwe.