Upande wa Makaburini

Emil Hudak alipofariki, mkewe Arlene hakumwomba Vernon Sabol mchango wala hotuba. Alimwomba jambo moja: siku ya mazishi jalala lisinuke.

"Najua hatuwezi kulihamisha, shemeji," alisema. "Lakini Emil kalitumikia maisha yake yote. Basi siku hiyo moja tu asindikizwe na hewa safi. Na wale ndege wasije wakatupigia kelele juu ya kaburi."

"Niachie mimi," Vernon akamjibu.

Ilikuwa kazi yake kweli. Makaburi ya kanisa lao yalikuwa kilima kimoja, jalala la wilaya kilima cha pili, katikati bonde jembamba na uzio wa waya. Kila jioni, tingatinga likishashindilia taka za siku hiyo, Vernon alipanda lori la tangi akazimwagia uji. Ndivyo walivyouita: karatasi zilizosagwa, gundi, maji na rangi ya kijani. Uji ukikauka huwa gamba. Harufu hubaki chini, mifuko haipeperuki, shakwe hukosa pa kudonoa. Emil ndiye aliyemfundisha, enzi walipoacha kufukia kwa udongo, na somo lenyewe lilikuwa fupi: taka zina migongo. Ukipiga uji kutoka chini tu, kila godoro hulikinga lililo nyuma yake. Sharti uzunguke, upige na kutoka juu.

"Ukisimama pale ulipopigia utaona umemaliza," Emil alizoea kusema huku akicheka. "Nenda kasimame kwa jirani."

Jioni ya kuamkia mazishi, watu walikuwa wakienda kumuaga marehemu kwenye ukumbi wa maziko mjini. Vernon alipiga kutoka barabara ya chini. Mteremko wote wa taka ukawa kijani, ukapendeza kama shamba la ngano changa. Alipotazama njia ya kuzungukia juu, aliona tope. Alikuwa bado hajaoga, na hakutaka kuingia ukumbini akinuka, watu wakamkwepa kama walivyozoea kuwakwepa watu wa jalala.

Rochelle, mwenzake wa tingatinga, akamwita kwa sauti: "Mzee! Huko juu je?"

"Pameshashiba! Kaoge na wewe, usije ukamfufua Emil kwa harufu!"

Rochelle akacheka. Vernon naye akacheka, akafunga bomba.

Ukumbini Arlene alimshika mikono yote miwili. "Umefunika?"

"Kumefunikwa, shemeji. Nenda kalale."

Akamkumbatia mbele ya watu wote. Vernon alinukia sabuni, na moyo wake ulitulia.

Asubuhi alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Walipokuwa wakipanda kilima cha makaburi, harufu ikamfikia kabla hajaona kitu. Mikono yake ilikuwa kazini, hakuweza kuziba pua wala kugeuka. Walipoliweka jeneza juu ya kaburi, ndipo akainua macho.

Kutoka hapa taka zilikuwa uchi. Mifuko myeupe, mifuko ya bluu, migongo ya magodoro, na ukijani mwembamba kwenye kingo tu. Shakwe walikuwa wamejaa tele. Upepo ulitoka huko huko. Padri alianza sala, akapaza sauti, akapaza tena. Mfuko wa plastiki ukaruka uzio, ukanasa kwenye shada la maua. Arlene akaunasua kwa mkono wake mwenyewe, akakosa pa kuutupa, akautia kwenye mkoba wake mweusi.

Watu wa jalala walisimama pamoja. Hakuna aliyemtazama Vernon, na hapo ndipo alipotambua kwamba wote walishajua. Wageni waliona uchafu. Wao waliona lori lilisimama wapi, na wapi halikufika.

Sala ilipokwisha, Glenn, mwana wa Emil aliyetoka Pittsburgh, akamwendea Rochelle. Kati ya watu wa jalala, Rochelle peke yake ndiye aliyevaa koti la kazi, maana alikuwa anaingia zamu baadaye.

"Hivi nyinyi, hata leo? Hata kwa baba yangu?"

"Pole sana, kaka."

"Pole ndiyo itafunika? Jana ilikuwa zamu ya nani?"

Rochelle akatazama viatu vyake. Vernon alikuwa karibu, akisikia kila neno. Alisubiri. Alijiambia Glenn atachoka, kijana ana uchungu, atachoka tu.

Glenn hakuchoka. "Uvivu huu! Mtu kawafundisha kazi, kawalea, hata kumzika kwa heshima mnashindwa. Huoni haya, dada?"

"Naona, kaka," Rochelle akasema polepole.

"Mwache," Vernon akasema. "Ni mimi."

Arlene akageuka. "Jana uliniambia kumefunikwa."

"Ukiwa barabarani kulikuwa kumefunikwa, shemeji."

Maneno hayo yalimnukia hata yeye mwenyewe. Afadhali angetukanwa. Arlene alimtazama kidogo, kisha akamwendea Rochelle, akamshika mkono.

"Tusamehe, mwanangu. Twende ukakae nami, chakula kitapoa."

Wakaanza kuteremka kuelekea kanisani, ambako akina mama walikuwa wamepika majani ya kabichi yaliyofungiwa nyama. Arlene hakumwambia Vernon aje. Hakumwambia asije, pia. Rochelle peke yake ndiye aliyegeuka.

"Ungeniambia tu, mzee," akasema. "Mimi sikuwa na haraka. Ningezunguka mimi."

Vernon akabaki kando ya kaburi na watu wawili waliokuja na sepeto. Walilishusha jeneza, wakaanza kufukia. Mmoja wao akapumzika, akamuuliza kama marehemu alikuwa ndugu yake.

"Hapana," akasema Vernon. "Nafanya kazi pale."

Yule mtu akatazama ng'ambo ya bonde, akamtazama Vernon, kisha akainama kwenye sepeto lake.