Kikombe Kisichokaa Mezani

...kwa sababu dakika tano hizi ni zake, yeye ndiye aliyezianzisha, akazitetea mikutanoni mpaka wakubwa wakachoka naye, kwamba mtu akiletwa kwenye makumbusho ya sanaa asianze kuhubiriwa, apewe kiti, apewe picha moja na kimya cha dakika tano, kisha aulizwe anaona nini, basi, na sasa kimya hicho kinamnyonga mwenyewe, simu mkononi inaonyesha dakika moja na sekunde kumi, na Nakhumicha anawaza kwamba akisema sasa hivi "haya, muda umekwisha", ni nani atakayebisha, akina mama kumi na wawili wa kanisa la kijijini Ziwa hakuna aliyevaa saa isipokuwa mwenyekiti wao, Mama Hulda, na Mama Hulda ni mtu wa heshima, angenyamaza tu, wangeinuka wote na viatu vyao walivyopangusa matope pale mlangoni, wakaingia chumba cha pili kutazama vinyago, na Cherono angeinuka nao, yangepita... lakini mlangoni amesimama Daktari Kigen, mikono nyuma, mkurugenzi, dakika tano anazijua kama sala ya chakula, angeuliza kulikoni, tena ana neno lake yule bwana, neno analoliweka la mwisho, wageni wakishamaliza kusema walichoona ndipo anapopiga hatua mbele na kusema, "Sasa niwaambie siri, mwenye kuchora hii ndiye huyu mbele yenu," na watu hupiga makofi, na Nakhumicha huinamisha kichwa, na watu hudhani ni unyenyekevu.

Dakika moja na nusu. Cherono yuko kiti cha tatu, sweta ya kijani, viganja juu ya magoti, viganja vya mtu anayekamua ng'ombe asubuhi na jioni, na hajamtazama Nakhumicha tangu aketi, afadhali angemtazama, ingejulikana moja, pale getini alimpa mkono tu akasema, "Ulipotea sana," na Nakhumicha akajibu, "Ni kazi, dada, kazi tu," jibu la kipumbavu, miaka kumi na miwili unaijibu kwa kazi tu, na jina lake halikuwa kwenye orodha, Nakhumicha aliisoma ile orodha mara mbili kabla ya kuipeleka kwa walinzi, Mama Edwin, Mama Jackson, Mama Chepkirui, kila mmoja kwa jina la mtoto wake kama ilivyo kawaida yao, sasa angejuaje kwamba Mama Chepkirui ni Cherono, Cherono wa chumba kimoja cha kupanga walichokaa pamoja wakisoma chuo hapa Chepkoilel, Cherono aliyekuwa akichora usiku kwa mshumaa stima ikipotea, Cherono aliyekunja kile kitambaa cha picha muhula wa mwisho, siku alipopigiwa simu kwamba mama ameanguka upande mmoja hauendi na ng'ombe hawana mtu, akakisukuma chini ya kitanda akasema, "Nitunzie hii, January nakuja," na January ikaja yenyewe, Cherono hakuja, na watahini wa chuo walitaka picha tano na Nakhumicha alikuwa na nne, ya tano ilikuwa imemshinda, sura zake zilimtoka kama viazi... akaivuta ile ya chini ya kitanda, akajiambia ni ya kuazima, Cherono akirudi atamweleza watacheka, halafu ikashika nafasi ya kwanza, halafu chuo kikaichukua kikaitia kwenye fremu, halafu wakamwita aje aongoze wageni kwa kuwa yeye ndiye mwenye picha, akapanda, akapanda, leo ni mkuu wa elimu na jamii, ofisi ina dirisha, na namba ya Cherono alikuwa nayo miaka yote hiyo, hakuipiga hata krismasi moja.

Nyamaza. Dakika mbili na sekunde ishirini. Picha iko pale pale ukutani, mama ameketi mlangoni kwenye kigoda, kibuyu mapajani, anazungusha kijinga cha moto ndani yake kusugua kuta kwa ajili ya mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin, mwanga unaingia kutoka kushoto ukimwangukia usoni, na uso ule unafanya watu washushe sauti hata kabla hawajaambiwa, na chini yake kibandiko, Kukhu Jikoni, Diana Nakhumicha, rangi ya mafuta kwenye kitambaa, na Nakhumicha aliona kwa macho yake Cherono akiinama kukisoma, akakisoma polepole, akajikung'uta sketi, akaketi. Kukhu. Kukhu wake mwenyewe, nyanya yake wa Kibukusu, aliishi Turbo, akauza ndizi, akasonga ugali wa wimbi, hakuwahi hata siku moja kutia moto ndani ya kibuyu, na hilo mtu yeyote wa huku angeligundua mara moja kama angetazama, lakini maprofesa walitazama rangi, hata Daktari Kigen aliyelelewa kwa maziwa ya kibuyu amepita hapa miaka kumi hakuuliza kukhu wa Kibukusu alijifunza wapi mursik, yaani wote walimwona mama yule na hakuna aliyemwona. Ila watoto. Watoto wa shule hawakuwahi kukosa, si yule mama, kikombe, kile kikombe cheupe kwenye meza ya kona, kila darasa, kila wiki, lazima mmoja anyooshe kidole, "Teacher, hiyo kikombe mbona haijakaa? Ni kama inaelea," na kweli kinaelea, mwanga unatoka kushoto na kivuli chake kinaenda kushoto, na Nakhumicha hujibu kwa tabasamu la kazini, "Swali zuri, wewe unafikiri msanii alitaka kusema nini?", Mungu amsamehe, na kuna mhadhiri mgeni aliyeandika kurasa mbili nzima kuhusu kikombe kile, kwamba ni alama ya binti aliyehama kwao, na alikisifu kuliko kitu kingine chochote. Kikombe alikichora yeye Nakhumicha. Asubuhi moja, siku moja kabla ya watahini, ili mkono wake nao uwemo, ili akiulizwa umechora aseme ndiyo na isiwe uongo wote.

Dakika tatu na sekunde hamsini, na hapo ndipo Mama Jackson anapomsogelea Mama Hulda, kunong'ona kwa akina mama wa kanisani kunakosikika mpaka nje, "Si huyo ni Naomi?" na Mama Hulda, "Nyamaza, tumeambiwa tunyamaze," na yule mwingine, "Angalia mkono, ni wa kushoto, nani mwingine alikuwa anaosha na kushoto?" na kiti kimoja baada ya kingine kinalia kidogo sakafuni, wanajongea mbele, na Nakhumicha anawaza, ndiyo haya, yamefika, sasa Cherono atasimama... Cherono hasimami. Cherono anatazama. Na asubuhi hii hii kwenye chai, Mama Hulda alipokuwa akiwatambulisha mmoja mmoja, alipomfikia Cherono alisema, "Na huyu tulimzikia mama yake mwaka juzi, Naomi, alikuwa hapendi kupigwa picha kabisa, ile program ya mazishi tuliweka ya kitambulisho, haikufanana naye hata kidogo," na Nakhumicha akasema poleni sana, akamwongezea mtu sukari, na Naomi alikuwa hatua thelathini tu kutoka pale, nyuma ya ukuta mmoja, mzima, mikono yote miwili inafanya kazi, anaosha kibuyu. Miaka yote hii alidhani ameiba picha. Alijiandaa kwa hilo, alikuwa na maneno, tulikuwa watoto, ningekutafuta, hali ilikuwa mbaya, maneno ya mtu aliyechukua kitambaa na rangi, na sasa anamwona Cherono akiwa ameegemea mbele, midomo imeachana kidogo, macho hayatoki usoni mwa mama yake, wala hana habari na kibandiko, wala Nakhumicha, wala nani atasema nini, anamtazama tu mtu wake, anamtazama upesi upesi kama aliyeambiwa atanyang'anywa dakika ikiisha, na Nakhumicha anaona aibu, aibu safi isiyo na hofu ndani yake, kwa mara ya kwanza haiulizi kazi itakuwaje.

Simu inatetemeka. Dakika tano. Anaizima kwa kidole gumba, hasemi haya, hasemi muda umekwisha, mwache amalize, mpe sita, mpe saba, akina mama wala hawana haraka, ila Daktari Kigen anamtazama, anakohoa mara moja, kwa adabu, anakohoa tena, anaachia mikono yake nyuma, na Nakhumicha anaijua ile pumzi anayovuta kabla ya siri yake, anauona mguu wake ukiinuka, kiatu cheusi kilichong'arishwa, na anajua kikitua makofi yataanza na Cherono naye, kwa heshima, atapiga.

"Kabla hajasema mtu," Nakhumicha anasema, na sauti inatoka ndogo kuliko alivyotaka, "huyo mama si kukhu wangu, na si mimi niliyemchora. Mimi nilichora kikombe. Kikombe tu."

Kiatu kinatua kimyakimya. Hakuna anayegeuka, akina mama bado wanamtazama Naomi, na Cherono naye macho yake bado yako pale pale yalipokuwa.

"Niliona," anasema Cherono. "Haijakaa."