Gauni la Mama Soda

"Hili si gauni, hili ni gunia!" Mama Soda alilitupa juu ya cherehani. "Ulinipima mimi au ulipima kabati?"

"Nilikupima wewe, mwenzangu. Mbele ya watu," fundi akajibu.

Watu wenyewe walikuwa wameshajaa mlangoni, maana katika nyumba ile ya vyumba sita ugomvi haukosi wasikilizaji. Hata aliyekuwa anapika aliacha chungu kichemke chenyewe. Fundi alifungua daftari la vipimo. Kiuno, inchi arobaini na nne. Alikiandika kwa mkono wake miezi minne iliyopita, kabla kitambaa hakijalala kwenye rafu kikimngoja Mama Soda aamue kola.

Akavua futi shingoni, akamzungushia. Thelathini na tisa.

Mama Soda akajishika kiuno, akazunguka kwa madaha. "Lo! Kumbe nimekuwa msichana! Haya, lipunguze, yaishe."

Fundi hakucheka. "Silipunguzi."

"Unasemaje?"

"Silipunguzi mpaka ukapime sukari."

Nyumba nzima ilijua habari za dada yake fundi. Naye alianza hivihivi. Alileta gauni lipunguzwe, akalileta tena, na fundi, kwa furaha ya kijinga, akamsifu: dada, umerudi usichanani! Kitambaa cha ziada alikiacha ndani ya mshono, ili dada akinenepa akifumue. Mara tatu alilipunguza. Ya nne haikuwapo. Sukari ilikuwa inammaliza, na mwenye futi mkononi asijue anachokipima.

Mama Soda alikuwa na maneno tayari. Akayameza, akaenda kutafuta viatu.

Kwenye zahanati walikaa benchi moja. Nesi alimtoboa Mama Soda kidole, akatazama kimashine, akatazama kadi yake ya zamani ya sukari, akarudi kwenye kimashine.

"Mama, umeanza dawa gani mpya?"

"Mpya nizitoe wapi? Zilezile."

"Na chakula?"

"Nakula kama watu." Mama Soda akajikuna shingo. "Ila soda, mwanangu, imenishinda. Nilikuwa nashusha chupa nne kwa siku, hata jina la kuzaliwa watu wamelisahau. Tangu waiongezee kodi, bei haishikiki. Sasa ni moja tu, Jumapili, nayo nagawana na mjukuu. Nimewalaani waliopitisha kodi hiyo mpaka ulimi umechoka."

Nesi akaangua kicheko. "Basi kaifute laana yako. Sukari imeshuka vizuri. Huku kupungua ni uzima, wala si ugonjwa."

Fundi aliinama, akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Alikawia huko chini.

Alasiri cherehani iliunguruma. Mshono mpya ulipokamilika, fundi akachukua mkasi.

"We, usikate!" Mama Soda alikuwa amemsimamia kichwani. "Acha kitambaa humohumo ndani. Siku kodi ikiondolewa nitakihitaji!"

Fundi akakata. Vipande viwili vyembamba vikaanguka sakafuni, na Mama Soda akavitazama kama mtu anayeagana na ndugu wakorofi.

Likabaki pindo. Mama Soda alisimama kwenye kizingiti cha chumba chake, gauni limemkaa hasa, na fundi akapiga magoti barazani, pini zimejaa mdomoni, akienda polepole kumzunguka. Humo ndani sahani zilikuwa zinagongana na watu wanacheka. Kila aliyekuja asubuhi kusikiliza ugomvi alikuwa ameitwa.

"Mbona macho yamekulowa? Umejichoma?"

Fundi akatikisa kichwa.

Mama Soda akamtazama kidogo, kisha akamwekea kiganja begani. "Asante, mdogo wangu," alisema, kwa sauti ambayo haikufika ndani. Halafu akaipandisha, nyumba nzima isikie: "Haya, ingia tule, chakula kinapoa! Ila zitoe kwanza hizo pini mdomoni."