Mguu Usiguse Chini

Bonde zima lilimwita Mama Breki, na hakuwa na mtu wa kumlaumu. Wenzake wakishuka mlima kwa baiskeli walishuka kama wanaokimbizwa na nyuki. Yeye alishuka vidole vikiwa juu ya breki zote mbili, akilikagua kila jiwe kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Vijana walimpita wakimtania, "Mama, utazeeka njiani!" naye akiwajibu bila kugeuka, "Nizeeke na meno yangu yote."

Kitu kimoja tu kiliwafanya wamvulie kofia, tena kwa kicheko. Katika bonde lile kila malisho yana lango, na ukipita lazima ulifungue na kulifunga nyuma yako, la sivyo ng'ombe watakufuata hadi nyumbani. Wengine hushuka, hulaza baiskeli, hufungua, huvuta, hufunga, hupanda tena. Mama Breki, magoti yalipoanza kumlalamikia, alijizoeza kuisimamisha baiskeli tuli kabisa, miguu yote miwili ikiwa juu ya pedali na usukani ameukunja kidogo, kisha akafungua lango kwa mkono mmoja. Watu wakasema huyu mama anajua kusimama kuliko kwenda.

Huyo huyo ndiye aliyeamua kujenga njia. Ile ya zamani, iliyoshuka kutoka shingo ya mlima hadi bondeni, ilizolewa na maporomoko, na tangu hapo waendesha baiskeli wakahamia bonde la pili. Karakana yake ya kutengeneza baiskeli, chini ya nyumba, ikajaa vumbi na minyororo isiyo na wa kuifunga. Siku moja akatundika spana ukutani, akachukua sururu, akapanda. Mumewe, seremala mpole ambaye hakuwahi kushinda ubishi wowote ndani ya nyumba ile, akabeba koleo nyuma yake. Misimu miwili walichimba, wakapanga mawe, wakajenga vijidaraja vya mbao juu ya vijito, wakapindisha kona katikati ya misonobari. Walirudi jioni wamechafuka hadi kwenye nyusi.

Njia ilikwama mahali pamoja tu, kwa shemeji. Kaka mkubwa wa mumewe alikuwa mfugaji, na malisho yake yalitanda katikati ya mlima. Hakukuwa na pa kupita ila kwenye ukingo wake, palipokuwa na mteremko wa mawe walioupa jina la Ngazi. Walipokwenda kumwomba ruhusa, shemeji alisikiliza mikono ikiwa mfukoni.

"Mnayo kanuni yenu nyie wajenga njia," alisema mwishowe. "Mjenzi hushuka wa kwanza, kutoka juu hadi chini, na mguu haugusi ardhi. Ukigusa, njia haifai. Ndivyo au sivyo?"

"Ndivyo, shemeji."

"Basi na mimi naishika hiyo hiyo. Wewe mwenyewe, siku ya kufungua, mbele ya watu. Na tairi hata moja lisiingie kwenye majani yangu siku hiyo. Likiharibika moja kati ya hayo mawili, nafukia. Sitaki kuja kubembelezwa."

"Hutabembelezwa," alisema Mama Breki, ingawa alimjua. Mtu yule akisema nafukia, anafukia.

Siku moja kabla ya kufungua, yeye na mumewe walikwenda kuweka vibao. Vile vibanda vinavyopanda mlima kwa waya vilikuwa kwenye matengenezo siku hiyo, kwa hiyo wakapanda kwa miguu kutoka bondeni, vibao mgongoni. Vya manjano vilikuwa vya njia. Chekundu kilikuwa kimoja, kikubwa, cha lango la malisho: MARUFUKU KUPITA. Kila walipofika penye kona, mume alipigilia na mke akasimama chini yake akikodoa jicho moja.

"Kulia kidogo. Kidogo tena. Hapo hapo! Mume wangu, inapendeza!"

Mume alifurahi kuliko alivyoonyesha, akaupigilia msumari wa mwisho kwa madaha. Walipofika kwenye njia panda ya malisho, misumari haikuwepo. Kifuko kilikuwa kimebaki juu ya kisiki huko nyuma, na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba ni mwenzake aliyekisahau. Walibishana mpaka wakachoka, kisha wakakifunga kile kibao chekundu kwenye nguzo ya lango kwa tyubu kuukuu ya baiskeli. Kilikaa vizuri. Wakaendelea kupanda, wakamalizia vibao vilivyobaki kwa misumari michache iliyokuwa kwenye mfuko wa suruali, wakashuka giza limeingia hata mkono huuoni.

Asubuhi vibanda vya waya vilifanya kazi tena, na watu wakajaa juu ya mlima. Wifi yake, mkatisha tiketi wa vile vibanda vya waya, alikuwa ameshika honi iliyong'olewa kwenye lori la mtu, tayari kuwaruhusu wengine mjenzi atakapokuwa ametangulia.

"Wifi, umepauka," alimnong'oneza.

"Naogopa."

"Unaogopa kuanguka?"

"Naogopa kufukiwa," alisema Mama Breki. Hakuwa na haja ya kumficha.

Akafunga kofia yake ngumu, akapanda, akaachia. Kona ya kwanza ikampokea vizuri. Udongo ulishika tairi, daraja la kwanza likanguruma chini yake likanyamaza, na kwa mara ya kwanza tangu alale vibaya usiku ule akatabasamu. Hii ni kazi yangu, akajiambia. Hili jiwe nililibingirisha mimi.

Kisha akakiona kibao cha kwanza, na hakikuwa na rangi.

Ubao mtupu, mbao tu na mafundo yake. Akadhani kuna mtu amekikwangua usiku. Alipofika cha pili nacho kilikuwa kitupu, akaanza kutukana moyoni. Cha tatu alikipita polepole kama kawaida yake, akageuza shingo, na kwa nyuma akaiona rangi ya manjano iking'aa, nzuri, imetazama bondeni.

Walipanda. Jana walipanda kwa miguu! Alisimama chini, akatazama juu, akasema inapendeza, nayo ilipendeza kweli kwa mtu anayepanda. Hakuna hata mmoja atakayepanda leo. Vibao vyote, kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho, vilikuwa vimewapa mgongo waendeshaji.

Kwenye kona haikuwa na neno, maana njia yenyewe ilijionyesha. Lakini kwenye njia panda, mkono wa kushoto, Ngazi huanzia nyuma ya jiwe kubwa na huioni mpaka uifikie. Mkono wa kulia ni lango la malisho. Mradi lango limefungwa, alijipa moyo, hakuna atakayelivunja.

Aliibuka kwenye misonobari na kuliona lango. Lilikuwa wazi, limesukumwa hadi mwisho, na nyuma yake majani mabichi yalishuka laini na mapana, yakimwita kila mwenye magurudumu. Ng'ombe walikuwa wakinywa maji kwenye mtaro. Shemeji alikuwa ameketi ukingoni, mikono mfukoni, akimtazama.

Huko juu honi ikalia.

Hesabu ya Mama Breki ilikuwa fupi. Akishuka akageuze kibao, mguu umegusa. Akipita akaacha kama kilivyo, watu wote wale wataingia kwenye majani kwa kishindo. Kupiga kelele hakusaidii, mtu aliyevaa kofia ngumu na upepo masikioni hasikii hata jina lake. Alitamani kulia, lakini hakukuwa na nafasi.

Akavuta breki zote mbili, akaukunja usukani, akasimama.

Pale palikuwa pabaya kusimama kuliko lango lolote alilowahi kulifungua. Ardhi iliinama, na nguzo ilikuwa ya zamani, imelegea kwenye shimo lake, ukiiegemea inakwenda na wewe. Akaondoa mkono mmoja kwenye usukani, akakishika kibao kwa ncha za vidole, akajaribu kukizungusha kuzunguka nguzo. Tyubu iling'ang'ania. Baiskeli ikayumba kushoto, akairudisha kwa goti. Ikayumba kulia, akairudisha kwa kiuno. Mapaja yalitetemeka. Ng'ombe mmoja akaacha maji, akaja na kengele yake mpaka langoni, akaanza kumnusa kiwiko.

"Niondolee balaa," Mama Breki alimwambia ng'ombe kwa sauti ndogo, akaogopa hata kupumua.

Akasikia minyororo na matairi juu kwenye misonobari. Akavuta tena, na tyubu ikateleza nusu. Shemeji alikuwa amesimama sasa, amepiga hatua mbili, macho yake yakiwa kwenye viatu vya Mama Breki. Mguu wa kushoto ukainuka kidogo kwenye pedali, wenyewe, kama mguu unavyofanya mtu anapokaribia kuanguka. Akaukemea. Ukarudi.

Akavuta mara ya tatu, na kibao kikazunguka chote. Ule wekundu ukatazama mlima.

Mwendeshaji wa kwanza akatokea kwenye misonobari kwa kasi, akaona MARUFUKU KUPITA ya ukubwa wa meza ya chakula, na mwanamke amesimama juu ya baiskeli isiyokwenda, na ng'ombe. Akakata kushoto bila kuuliza, nyuma ya jiwe. Wa pili akamfuata, na wa tatu, na baada ya hapo ikawa ni kundi zima likimiminika kushoto, wakipiga mayowe ya furaha walipoikuta Ngazi. Hakuna hata tairi moja lililogusa majani.

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba yeye ndiye aliyepaswa kuwa wa kwanza chini. Kanuni ilisema mjenzi hutangulia. Na mbele yake kulikuwa na nusu ya bonde.

Mama Breki akaachia breki.

Waliokuwepo wanasimulia mpaka leo. Aliingia Ngazi kwa mwendo ambao hakuna aliyemdhania, na hakukosea jiwe hata moja, kwa sababu alikuwa ameyabeba yote kwa mikono yake. Alijua lipi linashika na lipi linateleza likiwa na umande. Wenzake walikuwa wakikutana nayo kwa mara ya kwanza, wakabaki wao ndio wenye breki. Aliwapita mmoja baada ya mwingine. "Mtazeeka njiani!" aliwapigia kelele, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza. Yule wa mbele kabisa alimpita kwenye daraja la mwisho, akaingia uwanjani bondeni vumbi likimfuata, akazunguka mara mbili, kwa maana alisahau jinsi ya kusimama.

Mumewe alikimbia kumdaka. Mama Breki alipoweka mguu chini, alilia kwa sauti, akacheka, akalia tena, na hakuona haya.

Mchana walipanda tena kwa miguu kwenda kuvigeuza vibao, safari hii akikanyaga chini kila alipotaka. Walimkuta shemeji langoni. Lango lilikuwa limefungwa, na mkononi alikuwa na kifuko cha misumari na nyundo.

"Nilikiokota kwenye kisiki," alisema.

"Shemeji, lango lilikuwa wazi."

"Nililifungua mimi." Alitazama kando. "Nimeamka asubuhi, naufungua mlango wa kibanda changu, nakuta libao jekundu linanikodolea macho. Marufuku kupita! Mimi, kwenye malisho yangu! Nikasema huyu mwanamke ananifukuza hata kabla hajapata njia. Basi nikaliacha wazi, tuone."

Mama Breki alimtazama mumewe, mumewe akamtazama Mama Breki, na wote wawili wakaangua kicheko mpaka ikabidi washikane.

Shemeji alisubiri wamalize. Kisha akatoa msumari mmoja kwenye kifuko, akaushikilia kati ya midomo, akakifungua kile kibao kutoka kwenye tyubu yake.

"Tyubu ni ya baiskeli," alisema. "Kitu cha kukaa hapa miaka kinataka msumari." Akakiegemeza kwenye nguzo yake, akainua nyundo, akamgeukia Mama Breki. "Haya, mjenzi. Upande upi?"

"Wa juu, shemeji."

Akapigilia.