Mitufaha Sita ya Bibi Ekdahl

Kosa lilikuwa mfereji, na mfereji ulikuwa wazo la Winifrida mwenyewe. Hakuwa na wa kumsingizia.

Septemba ya mwaka ule wa 1969 ilipiga dhoruba ambayo hata Waswidi, watu wasioshtuka upesi, waliizungumza mpaka kwenye foleni ya maziwa. Pale Farsta, kitongoji cha Stockholm, kwenye nyumba ya mbao aliyokuwa akiishi Winifrida, upepo uling'oa vigae vinne, na maji yakaingia chumba cha chini ya ardhi yakalowesha gunia zima la mchele pamoja na masanduku ya watu watatu waliomwachia awatunzie. Winifrida akaapa kwamba safari nyingine haitamkuta amelala. Mtu aliyezaliwa Kamachumu, nchi ya Wahaya, anajua kuwa nyumba haingojei mvua bila mfereji. Upepo ukitangulia, mvua iko nyuma yake, na maji yakikosa njia yatajitafutia, hata kama ni kupita sebuleni.

Basi mwisho wa Oktoba, redio ilipoanza kutaja upepo tena, aliwaita wageni wake wa kila Jumapili akawagawia kazi kabla ya kuwagawia chakula. Benchi la bustani likafungwa kamba kwenye nguzo ya kuanikia nguo. Vyungu vya maua vikaingizwa ndani. Matawi makavu yakakatwa, kuni zikafunikwa turubai na kukandamizwa kwa mawe. Cyprian, aliyekuwa akisomea uhandisi, na Mukasa, Mganda aliyefanya kazi ghala la bandarini, wakachimba mfereji wa kina cha magoti kufuata ukuta wote wa magharibi. Katikati walikuta mizizi minene kama mapaja. Wakauliza. Winifrida, mwiko mkononi, akawajibu kutoka dirisha la jikoni:

"Kateni! Maji hayapandi mizizi!"

Wakakata. Wakala pilau. Mukasa akasema sasa hata Ziwa Viktoria lije, nyumba hii haitalowa.

Jumamosi iliyofuata, siku ya Watakatifu Wote, saa tatu asubuhi, jirani Nyström alikuja kuchukua ngazi yake. Alikuwa mzee wa nyonga mbovu aliyekata miti msituni miaka arobaini. Akautazama mfereji. Akatazama juu. Akavua kofia kama mtu aliyeingia msibani.

"Nani amechimba hapa?"

"Sisi," alisema Winifrida kwa fahari, kwa Kiswidi chake cha wodini alikofanya kazi. "Kwa ajili ya mvua."

Nyström alinyoosha fimbo kwenye msonobari uliosimama hatua nne kutoka ukutani. Ni mti ule ule ambao Waswidi huuingiza sebuleni kwa Krismasi ukiwa mdogo. Huu ulikuwa umekua mpaka paa la nyumba likaonekana kama kiti chake.

"Mizizi ya huyu haizami, inatambaa. Mmemkata miguu ya upande wa nyumba. Upepo unatoka huku," alisema akionyesha bustani ya magharibi, "utamsukuma kule. Naye hana tena cha kukanyagia."

Winifrida alifuata fimbo kwa macho. Kule ndiko lilikokuwa dirisha la chumba cha juu, chenye pazia la njano lenye bata aliowadarizi rafiki yake Ziada. Ndani kulikuwa na kitanda kidogo kilichokwisha kutandikwa. Binti yake, Getrude, alikuwa na miaka sita, na kwa miaka minne alikuwa amelelewa na bibi yake Kamachumu. Tiketi yake ilikuwa ya tarehe ishirini Novemba.

"Upepo ni saa ngapi?" aliuliza.

"Redio inasema alasiri."

Alikimbilia simu. Mkata miti wa kwanza hakupokea. Wa pili alipokea mkewe, akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka: mume wangu yuko kusini, wote wako kusini, misitu iliyolazwa na dhoruba ya Septemba bado haijakatwa hata robo. Wa tatu alimwambia Januari.

Aliporudi nje alimkuta Nyström akipima kwa hatua zake za kuchechemea.

"Lazima aanguke kabla upepo haujamwangusha," alisema mzee. "Kaskazini kuna nyaya za umeme. Kusini kuna nyumba yangu. Mashariki kuna yako. Imebaki magharibi."

Winifrida alikaa chini, palepale ukingoni mwa mfereji, sketi yake ya Jumapili kwenye udongo. Magharibi kulikuwa na mitufaha.

Kuna jambo moja kila mgeni wa nyumba ile alilijua, maana Winifrida alilihubiri kuliko padri. Alikuwa amekaa miaka mitatu kwenye bweni la wahudumu wa hospitali, chumba kimoja, mtoto marufuku. Nyumba alizotafuta zilikuwa zimepangishwa dakika alipoonyesha uso mlangoni. Ndipo Bibi Ekdahl, mjane ambaye Winifrida alimwogesha wodini wiki sita alipovunjika paja, alipohamia nyumba ya wazee akamwambia: kaa kwangu. Karatasi hawakuandika. Sharti lilikuwa moja. Mitufaha sita aliipanda marehemu mumewe, Gunnar, kwa mkono wake, kila mmoja na kibati chenye jina. "Nitunzie hii, na chumba cha juu mlete mwanao." Walishikana mikono.

Ziada, mwenyeji wa Tanga, mwanamke ambaye siri ikimfika masikioni ilikuwa imeshafika stesheni, alitoka jikoni akifuta mikono. Alikuwa amelala pale tangu Ijumaa.

"Shoga, mbona umekaa kama kapu? Kuna nini?"

Winifrida alimweleza.

"Sasa unawaza nini? Miti na mtoto?"

"Siwazi miti, Ziada. Nikiiangusha mitufaha nimevunja neno, na nyumba imekwenda. Nisipoiangusha, nyumba itaangukiwa. Kote kote mwanangu halali hapa."

Ziada alimvuta mkono akamsimamisha. "Mpigie Bibi Ekdahl mwenyewe. Achague yeye."

Alipiga. Muuguzi wa nyumba ya wazee alimwambia kwa upole kuwa Bibi Ekdahl amepelekwa makaburini kumwashia mumewe mshumaa, kama kila mwaka siku hii, na baada ya hapo kanisani. Angerudi saa tisa na nusu.

"Saa tisa na nusu kutakuwa hakuna cha kuchagua," alisema Winifrida, akakirudisha kipokeo taratibu. Alitazama ngazi ya kwenda chumba cha juu. Kwenye kila kidato alikuwa amepigilia kipande cha zulia, Getrude asije akateleza na soksi.

"Haya," alisema. "Waite watu."

Ndipo mdomo wa Ziada ulipofanya kazi uliyoumbiwa. Waswahili wa Stockholm mwaka ule hawakutosha kujaza mabasi mawili, lakini habari kati yao ilienda mbio kuliko treni ya chini ya ardhi. "Leo hakuna pilau," alikuwa akipaza sauti kwenye simu. "Leo mnakuja kuitapika ya mwaka mzima! Njoo na glavu! Na huyo mumeo, mwamshe!"

Saa sita walikuwa ishirini na watatu uani, wengine na makoti ya kanisani. Mukasa alikuja na kamba nene ya kufungia mizigo melini, ameibeba begani kama chatu. Nyström aliipima mara mbili, isije ikawa fupi kuliko mti, wakajivutia kaburi. Cyprian alipanda ngazi kwenda kuifunga juu. Kabla ya kupanda alisimama mbele ya Winifrida, macho chini.

"Dada, ni mimi niliyeikata ile mizizi."

"Ulikata kwa mdomo wangu. Panda."

Upepo ulikuwa umeshaanza. Haukuwa na haraka. Ulikuja, ukausukuma mti, ukauacha. Kila ulipousukuma, udongo wa ukingo wa mfereji ulipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Winifrida aliuona, akajuta kuuona.

Nyström alichonga pengo la shoka upande wa mitufaha, kisha akapiga magoti na nyonga yake mbovu, akaanza msumeno upande wa nyumba, Mukasa kwenye mpini wa pili. Wengine walishika kamba, wamejipanga kati ya mitufaha mpaka nje ya ua wa nyuma.

"Harambee!" aliita Ziada.

"We Ziada, hiyo ni yetu!" alipaza Nyambura, Mkenya, muuza maua wa stesheni. "Muachie Mkenya aite!"

"Ita basi, mwenye mali! Mti unatungoja?"

"Ha-ram-bee!"

"Eeee!"

Kamba ilikaza. Mti ukaitikia kidogo, ukakataa. Upepo ukaja kutoka migongoni mwao ukausukuma kuelekea nyumba, na watu ishirini wakaburutwa hatua mbili mbele, visigino vikichora nyasi. Msumeno ukabanwa. Nyström alitukana kwa Kiswidi, maneno ambayo Winifrida alikuwa ameyasikia wodini tu, kwa watu wa mifupa iliyovunjika. Akagongelea kabari ya chuma kwenye mkato. Akagongelea ya pili.

"Msiachie!" alipiga kelele. "Mkiachia, amekwisha ingia ndani!"

Winifrida alikuwa wa mbele kabisa, karibu na mti kuliko wote, ingawa alikuwa amekatazwa. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka na kamba ilikuwa inateleza kwa damu. Kutoka pale aliona bata wa pazia la njano dirishani. Alivuta akiwatazama, akasali kwa Kihaya, sala ambayo ilikuwa na jina moja tu ndani yake.

Upepo ukapumua.

"Sasa!" Nyström aliruka nyuma kama kijana. "Sasa! Kimbieni pembeni!"

Mti ulilia. Haukuanguka upesi, ulionekana kama unafikiri. Halafu ukaenda wote kwa pamoja, na bustani ikapotea chini yake. Sauti ya msonobari ilikuwa moja. Sauti za mitufaha zilikuwa nyingi, ndogondogo, kama mtu anayekanyaga vibuyu.

Hakuna aliyeumia. Hakuna aliyeshangilia pia. Nyumba ilikuwa imesimama, na pale ulipokuwa mti palikuwa na anga tupu ambamo upepo sasa uliingia bila kubisha hodi. Winifrida aliparamia matawi akitafuta vibati. Mitufaha mitano ilikuwa chini, imepasuka kutoka shingoni. Uliobaki ni mmoja, wa langoni.

"Tumwambie ni upepo," alinong'ona Ziada. "Nani atajua?"

"Wewe."

"Mimi sisemi."

Hata Cyprian, na huzuni yake yote, alicheka.

Saa tisa na nusu alipiga simu. Vidole vyake vilivyofungwa kitambaa vilikosea namba mara mbili. Sauti ya Bibi Ekdahl ilikuwa bado na baridi ya nje.

"Nimeiangusha mitufaha yako," alisema Winifrida, bila salamu.

"Mingapi?"

"Mitano. Umebaki wa langoni." Akaeleza yote: mfereji, mizizi, mwiko, kamba. Hakumtaja Cyprian. Hakumtaja Mukasa. "Niliagiza mimi."

Upepo ulikuwa ukipuliza ndani ya bomba la moshi.

"Nimetoka kwa Gunnar sasa hivi," alisema kikongwe. "Nimemwambia miti yake iko salama."

Winifrida aliweka paji la uso ukutani. Hakuomba msamaha, neno lenyewe aliliona dogo, la aibu.

"Una kisu kikali?" aliuliza Bibi Ekdahl.

"Ninacho."

"Kata vijiti vya mwaka huu, vilivyonyooka, urefu wa penseli. Kila mti fungu lake, na kibati chake. Ukichanganya, nitajua. Uvizike kwenye mchanga wenye unyevu, chumba cha chini, visigande wala visikauke. Mwezi wa tano vitapachikwa kwenye miche mingine, miti ile ile iote tena."

"Nani atavipachika?"

"Gunnar hayupo. Mimi sina miguu."

"Bibi Ekdahl, na nyumba? Mwanangu anakuja tarehe—"

"Vikate kabla giza halijaingia," alisema Bibi Ekdahl, na simu ikafa.

Alibonyeza kishikio cha simu. Akabonyeza tena. Kama kikongwe alikata, au upepo ulikata waya, hakukuwa na mtu wa kumwambia. Taa ya ukumbini ikazimika papo hapo, na Farsta yote nayo.

"Amesemaje?" Ziada alimdaka mlangoni, na nyuma yake nyuso ishirini. "Tunahama?"

"Amesema mwezi wa tano."

"Ndio tunahama?"

"Ziada, shika kapu."

Walitoka. Mvua ilikuwa imeanza, ya ubavuni, ya kuuma. Winifrida alitambaa chini ya matawi ya msonobari na kisu cha kukatia vitunguu, akatafuta kibati cha kwanza, akafuta matope, akasoma herufi kwa sauti ili asisahau. Akakata vijiti kumi, akavifunga kwa utepe alioutoa kichwani mwake. Kibati cha pili hakikuonekana. Alichimba majani kwa mikono, kucha zikavunjika, akiuita mti ambao jina lake lilikuwa limemtoka, mpaka Nyström akakiona chini ya kiatu chake mwenyewe. Wa tatu. Wa nne. Giza lilikuwa linashuka haraka kuliko alivyoweza kuhesabu, na mti wa tano ulikuwa umezikwa chini kabisa, karibu na shina lenyewe la msonobari.

"Inueni," alisema. "Inueni kidogo tu, niingize mkono."

Watu kumi na wawili waliingiza mabega chini ya tawi wakainua. Akaingiza mkono mpaka begani, shavu kwenye tope, akapapasa, akashika kijiti chembamba kilichonyooka, na kando yake kibati.

Alipokuwa akirudi na mafungu yake matano kifuani, akiyafunika kwa koti kama anayebeba kichanga, ilimbidi aruke mfereji. Ulikuwa umejaa. Ulipitisha maji vizuri ajabu, mbio mbio kuelekea barabarani, na ndani ya nyumba hakukuingia hata tone.