Mstari Mwekundu wa Ilyasi

Ilyasi, fundi cherehani wa Nyamirambo, alikuwa na kisa kimoja tu, na kilimtosha miaka kumi na mmoja: kwamba sindano ya penisilini ilimuua, kisha akarudi. Ushahidi alikuwa nao. Kwenye kadi yake ya zahanati muuguzi wa zamani alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, "Asipewe penisilini." Kadi hiyo aliionyesha barazani kama wengine wanavyoonyesha picha za Makka.

Mwaka 1991 mguu wake wa kulia, ule wa kukanyagia cherehani, ukavimba, ukawa mwekundu na moto. Vidonge alivyopewa havikuufanya kitu. Siku ya nne Munyakazi, fundi mwenzake, akamkokota hadi zahanati.

"Ugonjwa huu dawa yake ni penisilini," alisema Mukantwari, muuguzi. "Lakini kadi inakataa. Ilikufanya nini? Nikiona haikuwa aleji, tunapima hapa hapa kwenye ngozi."

Masikini Ilyasi, aliulizwa kile kile alichozoea kuulizwa, na kisa kikamtoka chenyewe.

"Midomo ilivimba, koo ikafunga, mwili yote ikajaa vipele!"

"Na macho," alidakia Munyakazi. "Macho ilipotea kabisa!" Siku hiyo hakuwapo, lakini kisa alikijua kuliko mwenyewe.

Mukantwari akaweka kalamu chini. "Basi sikupimi, mzee. Kama iko hivyo, hata tone moja inaweza kukuua. Nakuandikia hospitali kubwa, waangalie kama wana dawa ingine. Na usichelewe, huu mguu iko mbaya."

Ilyasi aliutazama mguu. Aliogopa, aliogopa kwelikweli, maana fundi asiye na mguu wa kukanyagia hana kazi. Akamtazama na Munyakazi, aliyekaa pembeni akitikisa kichwa kwa fahari. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika ukutani.

"Muganga," alisema, "vipele haikuwa."

"Vipi?"

"Ilikuwa Ramadhani, wiki ya mwisho. Tunashona kanzu za Idi usiku na mchana. Usingizi ikanichukua, daku sikula. Alasiri nikaja kudungwa, nilikuwa na jipu. Ile sindano ilipotoka tu, nikaanguka. Wakanipa maji ya sukari, nikaamka. Nikala mandazi sita, nikarudi kazini."

"Dawa iliingia?"

"Yote."

"Haukujikuna? Pumzi haikubana?"

"Oya, hapana. Ilikuwa njaa. Na woga."

Munyakazi alikuwa akitazama viatu vyake.

Mukantwari aliandaa sindano ya adrenalini, akaiweka karibu kwa tahadhari. Kisha akachanganya penisilini na maji mengi, akamchoma Ilyasi kidogo sana mkononi, juu juu kwenye ngozi. Fundi aliyeshika sindano maisha yake yote akafumba macho. Baada ya dakika ishirini palibaki kidoa cha sindano tu. Akamdunga dawa kidogo, wakasubiri tena, na alipoona hali ni shwari akamalizia. Ndipo akaukata ule mstari mwekundu kwenye kadi, akatia tarehe na sahihi.

Nje, Ilyasi alingoja kuchekwa. Alijua kabla ya magharibi mtaa mzima utakuwa umesikia habari za mandazi sita, na alishajiandaa.

Munyakazi hakucheka. Alitoa mfukoni karatasi ya zahanati ile ile, iliyokunjwa mara nne.

"Mtoto wangu Shakira koo inamuuma tangu Ijumaa," alisema. "Homa haishuki. Waliniandikia sindano yake."

"Ya nini?"

"Ya penisilini. Nikakataa. Niliwaambia rafiki yangu ilimuua."

Ilyasi akaichukua karatasi, akaikunjua kwenye paja, akainyoosha kwa kiganja kama anavyonyoosha kitambaa kabla ya kukata.

"Kimbia umlete," alisema, huku akirudi kwenye benchi la zahanati na mguu wake mbovu. "Mimi nakushikia zamu hapa."